Jiwe Chini ya Ngome

Bi Turkiya binti Marzouq alizaliwa na kinyaa chake, hakukipata ukubwani. Mamake alikuwa akihadithia kwamba kule Malindi, Unguja, mtoto yule hakukubali maziwa mpaka aone kikombe kinasuuzwa mbele ya macho yake, na nzi akitua juu ya andazi, basi andazi lile lishakuwa la nzi. Leo ni bibi mtu mzima, mvi zimemjaa, na bado akikaribishwa chakula hutazama kucha za mpishi kwanza. Wala hafichi. Kitu kikimchukiza uso humkunjamana kama aliyeng'ata ndimu, na mwenye nyumba atajijua mwenyewe. Basi huyo huyo, niambie wewe, ndiye ambaye kazi yake ya umri mzima hapa Hail Sidra imekuwa ni kuosha maiti.

Hail Sidra ni kijiji kidogo upande wa Ibra, kimejibana kando ya wadi, bonde la mto unaojaa kwa mvua tu. Pana mitende, pana msikiti, pana maduka mawili ya Wahindi, na juu ya jabali pana ngome ya kale ambayo ndiyo inayoleta watu. Bila ya ngome ile hakuna ambaye angeiacha barabara kuu akakata kona. Chini yake inapita falaji, mfereji wa maji ya chemchemi, na maji yale yana adabu zake tangu enzi za mababu. Juu kabisa huteka watu ya kunywa. Chini yake huoga wanaume, chini yake wanawake, halafu nguo na vyombo. Mwisho, kabla maji hayajaingia mashambani, kipo kijumba cha mawe kisicho na paa, na humo ndimo walimooshewa maiti wa kike. Cha wanaume kilichukuliwa zamani na mafuriko ya wadi. Ndani ya kijumba lipo jiwe refu lililolazwa kwa mwinamo, limechongwa kijifereji katikati ili maji yateremke. Hapana bibi wa mtu aliyekufa Hail Sidra zamani ambaye hakulazwa juu ya jiwe lile.

Kazi ya kuosha maiti, watu huihitaji na kuionea kinyaa kwa pamoja. Mtu akifa, wanakuja mbio mlangoni kwa Bi Turkiya, habibti huku, mama yetu kule. Ikishakwisha, mkono ule ule uliomsitiri mzee wao hawataki uguse chakula chao. Harusini sinia lake la vileja hurudi limejaa kama lilivyokwenda. Na kwenye kahawa ndiyo kabisa. Kwa desturi ya huku, mtu akitosheka hutikisa kikombe chake kidogo mkononi, na mmiminaji hupita kwa mwengine. Bi Turkiya akishika birika, wanawake huanza kutikisa vikombe naye hajafika, vikombe vikavu, havijaona hata funda moja. Wametosheka na nini? Yeye hupita zake, hurudisha birika jikoni, na moyoni husema akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha.

Aliyekunywa kahawa ya mkono wake kwa miaka yote alikuwa mmoja tu, naye ni Bimdogo.

Bimdogo alikuwa mkubwa wake kwa umri, naye mtu wa Unguja vilevile, aliyetangulia kuja Omani na mamake akaolewa hapa Hail Sidra. Turkiya alipofika na mamake, msichana mwembamba asiyejua Kiarabu cha watu wa bara hii, wakachekwa kwa kanga zao na kwa wali wao wa nazi, nyumba iliyowafungulia mlango ni ya Bimdogo. Msimu wa kwanza wa baridi haujesha, mama mtu akafa. Wanawake wa mtaani walikuja kulia, na kulia walijua, lakini ilipofika kazi ya maji kila mmoja alikumbuka mtoto aliyemwacha nyumbani. Bimdogo akamshika Turkiya mkono akampeleka chini ya ngome.

Alipomwona mamake juu ya jiwe, Turkiya alitoka nje akatapika. Bimdogo hakumfuata wala hakumkaripia. Alimngoja mpaka aliporudi anajifuta mdomo, akampa kata ya kifuu.

"Mwosha huoshwa, mwanangu," alimwambia. "Mamako alikukosha wewe na mavi yako, wala hakutapika. Shika kata."

Akaishika. Na tokea siku ile wafu hawakumtia kinyaa tena, hata waliokufa vibaya. Maiti hasengenyi, hachokoi meno mbele za watu, hatemi mate njiani. Kinyaa chote kilichobaki Bi Turkiya aliwawekea walio hai, na hakuwapunguzia.

Baadaye serikali ilijenga chumba kipya cha kuoshea maiti nyuma ya msikiti mpya. Vigae vyeupe, taa kali, meza ya chuma, na mpira wa maji umening'inia ukutani. Bi Turkiya, kwa ukweli wake, alikipenda. Ni kisafi, na usafi ndio dini yake. Lakini Bimdogo alikwenda mara moja kumwosha jirani, akarudi amevimba kwa hasira. Alikaa ukumbini kwake akaita watu wawili, Turkiya na Badria, binti yake, akawapa wasia wake pale pale, na chai haijamiminwa.

"Mimi msinikoshe kwa mpira kama gari. Mnipeleke falajini, kwenye jiwe nililowalazia mamangu na mamako, Turkiya. Unikoshe wewe kwa kata. Ahadi?"

Turkiya akampa mkono. Badria naye akasema insha Allah, kwa sauti ya mtu anayetaka maneno ya kifo yapite upesi.

Miaka ikaenda. Kijumba kikakosa kazi, watu wote wakaoshwa kwenye vigae. Bimdogo akazeeka mpaka miguu ikamwacha, akawa wa kitandani, akili yake nzima kama sarafu mpya. Na hapo ndipo akarudi Shihab kutoka Ufaransa.

Shihab ni mtoto wa Badria, mjukuu wa Bimdogo, kijana mwenye kazi nzuri Maskati na ndevu zilizokatwa kwa rula. Alikuwa amekwenda Ufaransa likizoni na marafiki zake, wakafikia kijiji kimoja kidogo kando ya mto, kina ngome yake kongwe juu ya mwamba kama sisi na yetu. Alirudi na kile kijiji chote ndani ya simu. Nyumba kwa nyumba aliwaonesha watu: huu mto, hii ngome, haya maua madirishani, na hapa, tazama hapa, kando ya maji, ni mahali palipoezekwa vigae ambapo wanawake wa zamani walikuwa wakipiga magoti kufua. Sasa hawafui tena, wana mashine. Basi pamefanywa mkahawa. Watu wanatoka miji mikubwa kuja kukaa juu ya mawe yale na kunywa kahawa, na kijiji chenyewe hakijazi hata msikiti mmoja. Sisi tunakosa nini, akasema Shihab. Ngome tunayo, maji tunayo, na mawe tunayo.

Karatasi zikapita zinakopitia karatasi, na kabla ya miezi mingi kupita kijumba cha kuoshea maiti kikawa mkahawa. Ukuta mmoja, unaotazama ngome, ulivunjwa ili wageni wapate kuona. Milango ya kale ililetwa kutoka soko la Sinaw ikaegeshwa kwa urembo, haifungi wala haifungui kitu. Taa ndogo ndogo zikatungwa juu. Jiwe lenyewe Shihab hakuligusa, alilisifu sana, akalitandikia mito ya rangi ya waridi.

Siku ya kwanza Bi Turkiya alikwenda kutazama kwa sababu hakuamini alichoambiwa. Akamkuta mwanamke wa mjini amekaa pale pale yalipolazwa makalio ya maiti, ameweka gilasi ya plastiki yenye mrija uliojaa rangi ya midomo. Kwenye kijifereji cha katikati, kilichoteremsha maji ya kuoshea mama za watu, Shihab alikuwa amepanga maua ya waridi, na juu ya maua imemwagika malai ya keki, na juu ya malai wanakuja nzi. Kitoto kilidondosha aiskrimu juu ya jiwe, mamake akatazama huku na huku, kikainama kikairamba. Bi Turkiya alirudi kwake akasukutua mdomo mara kwa mara, na yeye hakuonja kitu.

Hayo yangekuwa ya wageni, angesema hawajui. Lakini wenyeji? Watu wa Hail Sidra wote walijua. Wiki ya mwanzo walipita wamegeuza nyuso. Wiki ya pili watoto wao wakaajiriwa kubeba sinia. Wiki ya tatu Sheha, mke wa msimamizi wa falaji, mwanamke mwenye kutia udi hata kwenye viatu, alionekana amekaa juu ya mto wa waridi na wageni wake, anakunywa kahawa ya maziwa na kucheka. Sheha yule yule ambaye harusini hutikisa kikombe Bi Turkiya angali mlangoni! Yaani mkono unaoosha unatia kinyaa, jiwe linaloosha ni la starehe. Bi Turkiya alitafuta neno la kuliita jambo lile, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, akalikosa kotekote.

Alimwendea Shihab. Kijana hakumvunjia heshima. Alimpa shikamoo, akamvutia kiti, akamtolea simu yake na picha za Ufaransa mara ya kumi. Bi Turkiya akazitazama zote mpaka ya mwisho.

"Hawa walikuwa wakifua nini hapa?"

"Nguo, Bibi."

"Basi," akasema Bi Turkiya, akamrudishia simu.

Shihab alielewa, si mjinga. Akamjibu taratibu kwamba pale ndani hapakuoshwa mtu kwa miaka, kwamba vijana wa hapa walikuwa wakimaliza skuli wanakimbilia Maskati na sasa wapo kwao wanalala kwa mama zao, kwamba alipokifungua kile kijumba alizoa mavi ya mbuzi na makopo kwa gari. "Wewe, Bibi, mara ya mwisho kupafagia ilikuwa lini?" Hilo lilimpata Bi Turkiya mbavuni. Kweli hakupafagia. Alipoletewa vigae alivifuata vigae kama wengine, na mbuzi wakaingia. Alinyanyuka akaondoka na hasira mbili, moja ya Shihab na moja yake mwenyewe, na hiyo yake ilikuwa chungu zaidi.

Badria je? Badria alijua kila kitu, na kazi yake ikawa ni kuziba. Alimwomba kila aingiaye chumbani kwa Bimdogo asitaje mkahawa. Mwanawe amehangaika, amepata, na bibi mtu ni mgonjwa, kwa nini wagombanishwe? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Bi Turkiya alimwambia, Badria akainamisha uso.

Kila alasiri Bi Turkiya alikwenda na birika lake. Bimdogo alikunywa vikombe vyake taratibu, na kila alasiri aliuliza lile lile: pale petu pasafi? Naye Bi Turkiya, ambaye hajapata kumwambia mtu kwamba mchuzi wake mtamu ikiwa si mtamu, akajibu: pasafi, Bimdogo, pasafi kabisa. Alijua siku inakuja ya kuulizwa, si kwa mdomo tena bali kwa vitendo, na hakujua atafanyaje.

Ikaja asubuhi ya Idi pili. Bimdogo alimwomba Badria amgeuze kibla, akavuta pumzi chache, akamaliza. Bi Turkiya alipofika alikuta birika la kahawa aliloagiza Bimdogo limewekwa kando ya kitanda, bado la moto. Akamfunga kidevu, akamfumba macho, akaomba dua yake. Kisha akamtazama Badria.

Badria alikuwa ameshapiga simu msikitini. Chumba cha vigae kiko tayari, alisema, na gari linakuja. Wasia anaukumbuka, lakini leo sikukuu, kule chini pamejaa watu, na mama mwenyewe hayupo tena wa kujua.

"Mimi nipo," akasema Bi Turkiya.

Shihab akaingia anakimbia, amevaa bado aproni yake ya kazi. Akaanguka miguuni kwa bibi yake akalia, na kilio kilikuwa cha kweli, hapana wa kumsingizia. Alipopata sauti na kusikia yanayosemwa, akajifuta uso akafikiri. Mtu angeona namna anavyofikiri, macho yanapiga hesabu huku mashavu yamelowa. Akasema wasia utatimizwa, wallahi, hakatai. Lakini si sasa. Wampeleke bibi hospitali wamweke kwenye baridi mpaka wageni waondoke, halafu kesho alfajiri wamwoshe palepale falajini kwa utulivu, watu wachache. Yeye atapiga dawa kila pembe, na asubuhi kama kawaida atafungua. Hakuna atakayejua.

Badria akamtazama mwanawe kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Shihab," akasema Bi Turkiya, "mimi nimeshakosha aliyelala wadini siku tatu juani. Hakunuka hivi."

Akachukua kikapu chake cha kazi, chenye kata, majani ya mkunazi, kafuri na sanda. Mkono wa pili akachukua lile birika la Bimdogo na vikombe vyake. Akateremka chini ya ngome kwa miguu, mwanamke mzee katika jua la asubuhi, na waliokutana naye njiani waliona kikapu wakajua kuna msiba, ila hawakujua kwa nini anakwenda upande ule.

Mkahawa ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Watu wametia miguu ndani ya falaji, watoto wanarusha makombo majini. Juu ya jiwe, mahali pa heshima, alikaa Sheha katika nguo yake ya Idi, pamoja na wageni wanne wa kutoka Maskati, na keki nzima katikati yao. Bi Turkiya aliweka kikapu chini. Akasimama mbele ya Sheha, akamimina kahawa ndani ya kikombe, akamnyooshea kwa mkono wa kulia kama inavyopasa.

Sheha alicheka kicheko cha kuona haya. Hakuwa na kikombe mkononi, basi akatikisa vidole vitupu. "Nimetosheka, Bi Turkiya. Idi njema, Mungu akuweke."

Bi Turkiya hakuondoa mkono. Akasema, bila kupaza sauti, kwa Kiarabu ili na wageni wapate kufahamu:

"Mkono wangu unakutia kinyaa, Sheha, na jiwe ulilokalia halikutii? Mamako nilimkosha hapo. Kichwa chake kilikuwa hapo ulipoweka keki."

Mgeni mmoja alikuwa na tonge mdomoni. Alilitoa akaliweka kwenye karatasi, akaikunja, hakujua pa kuitupa. Mwengine aliuliza, jiwe gani, kukosha nini, na Sheha alikuwa ameshasimama anajipangusa nguo nyuma kwa mikono miwili kana kwamba amekalia matope. Habari ikatembea meza kwa meza upesi kuliko moto wa makuti. Mabibi wakavuta mabuibui yao, akina mama wakawanyakua watoto kutoka majini, mtu akatapika njiani kabla hajafika kwenye gari lake. Bi Turkiya aliwatazama wanavyotoka mmoja mmoja. Hakufurahi. Alidhani atafurahi, lakini alichokiona ni migongo ya watu waliokuwa wakijua, wanajifanya leo ndiyo wameambiwa.

Shihab alifika nyuma yake wakati wa mwisho wanaondoka. Alisimama katikati ya meza zake tupu. Halafu, bila ya kuambiwa na mtu, akaanza kutoa mito juu ya jiwe. Akafagia waridi na malai. Akachota maji ya falaji akalisugua jiwe kwa mikono yake, akipiga magoti kama wale wanawake wa Ufaransa ndani ya simu yake. Kisha akaenda kwa mamake akaleta kanga zote zilizokuwamo nyumbani, akazifunga kwa kamba pale alipovunja ukuta, mpaka kijumba kikasitirika. Akatoka nje, kwa kuwa mahali pale wanaume hawana kazi.

Wanaume wakaleta jeneza mpaka kwenye kanga, Badria nyuma yao. Bimdogo alikuwa mwepesi, amebaki mifupa na ngozi laini. Walikuwa wawili tu wa kumwosha, Bi Turkiya na Badria. Badria alimwona mamake juu ya jiwe, akatoka nje ya kanga, ikasikika sauti yake anatapika. Bi Turkiya hakumfuata. Alingoja. Badria aliporudi anajifuta mdomo, alikuta kata imeshanyooshwa.

"Mwosha huoshwa, mwanangu. Shika."

Wakamwosha taratibu, kwa maji ya mkunazi, kisha maji matupu, kisha ya kafuri, upande wa kulia kwanza, shuka haimwondoki. Maji yalipita kijiferejini, safi, yakaenda mashambani. Kanga zilipeperuka kidogo, na juu yao ikaonekana ngome. Kwa muda ule mdogo Bi Turkiya hakuona kinyaa na mtu yeyote duniani. Alimwambia Bimdogo sikioni, wakati anamfunga sanda, kwamba sasa pasafi, sasa kweli pasafi. Jeneza likachukuliwa na wanaume, na Shihab alibeba mbele mpaka makaburini, hakubadilishana na mtu.

Wanawake hao wawili walikaa chini ya ukuta. Kahawa ilikuwa imepoa. Bi Turkiya alijimiminia kikombe, akakinywa, na Badria akanyoosha mkono. Bi Turkiya alidhani anataka kulibeba birika.

"Nimiminie na mimi," akasema Badria. Akanywa, akataka cha pili.

Ingekwisha hapa, ingekuwa hadithi nzuri. Bi Turkiya mwenyewe alidhani imekwisha. Shihab alifunga mkahawa siku za matanga, akala yamini mbele ya mamake kwamba ataujenga upya ukuta na kuliacha jiwe lipumzike. Hata mawe ya ujenzi aliyaagiza.

Lakini mmoja wa wageni wa Sheha alikuwa ameshika simu siku ile, amepiga picha mwanzo mpaka mwisho: bibi kizee, kikombe, keki, watu wanakimbia. Ilizunguka Omani nzima kabla matanga hayajaanuliwa. Ijumaa ya pili yake magari yalipangana kutoka falajini mpaka barabarani. Hawakuja kutazama ngome. Waliuliza, liko wapi jiwe la maiti? Mkahawa umefungwa, walikaa chini. Waligonga mlango kwa Shihab kuomba kahawa. Vijana waliokuwa wakibeba sinia walimzunguka wakimwambia, yaakhi, watu wenyewe wamekuja, tuwafukuze? Akawafungulia siku hiyo tu. Na ya pili yake pia siku hiyo tu. Mawe ya ukuta yakabaki yamerundikwa, watu wakayafanya viti.

Bi Turkiya alikwenda, kwa mara ya mwisho. Alimkuta msichana amelala juu ya jiwe chali, macho ameyafumba, mikono ameikunja kifuani, shoga yake amempandia juu na simu anamwambia asicheke. Akicheka picha inaharibika. Nyuma yake walijipanga wengine wanangoja zamu zao. Kijana mmoja alikuwa ameshajitia pamba puani, tayari, wenziwe hawana mbavu. Na kwenye meza ya pembeni, ameinua kidole kidogo, Sheha anawahadithia wageni wapya kwamba hata mamake yeye alioshwa hapo, kichwa chake kilikuwa pale. Anaelekeza kwa kijiko.

Shihab alimwona Bi Turkiya akamjia mbio. Hakuweza kumtazama usoni, hilo lisemwe. Akamwambia wageni wanamwulizia sana, na kwamba kama angekubali kuja kukaa kidogo wakati wa alasiri, na kata yake, awaeleze watu ilivyokuwa, kwa heshima, ingekuwa ni kumbukumbu ya Bibi pia. Atamwekea kiti chake kivulini. Bi Turkiya alimtazama mtoto aliyelisugua jiwe kwa mikono yake. Mate yalimjaa mdomoni. Akageuka, akatafuta pa kutema mbali na maji, akatema.

Alikwenda moja kwa moja kwa Badria. Badria alikuwa jikoni, akaona uso ule, akaweka birika motoni bila ya kuuliza. Siku hizi hununua kahawa anayoipenda Bi Turkiya, na hunywa naye kila alasiri, na wakiitwa msibani huenda wote wawili. Bi Turkiya alikaa kwenye kibao akasema ana wasia.

"Nikifa mimi, usinipeleke falajini. Nipeleke kwenye vigae, unikoshe kwa mpira."

Badria alidhani anafanya mzaha. "Kwa mpira, Bi Turkiya? Kama gari?"

"Kama gari. Jiwe lile silitaki tena," akasema. "Limelaliwa na walio hai."